Pipa la Asali Kutoka Runyenjes Hadi Nkubu

Ujumbe ulikuwa namba tupu: 1.042. Mwenzangu wa kazini si mtu wa kukosa salamu, kwa hiyo nilijua mambo yamekwenda kombo. Alikuwa kwao, upande wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, amechukua likizo atengeneze pombe ya asali ya kupeleka ukweni Nkubu siku ya mahari. Kwa hesabu tuliyopiga naye Nairobi, kilo 10 za asali zikitiwa maji mpaka zifike lita 40, haidromita ilipaswa kusoma 1.073 au jirani na hapo. Sasa pointi 31 zimeenda wapi? Nilimjibu asitie kitu chochote kwenye pipa mpaka nifike, na sukari ndiyo asiiguse kabisa. Nikafunga haidromita yangu kwenye taulo, nikachukua kipimajoto na chupa nyembamba ya kupimia, na alfajiri nikawa Tea Room natafuta matatu ya Embu.

Mimi ni mtu wa Kaloleni. Pombe niliyokulia karibu nayo ni mnazi, na mnazi haumsubiri mtu apime: mgema anaushusha asubuhi ukiwa mtamu, jioni umekuwa mkali, kesho yake unaelekea siki. Mambo ya kimea, hamira na graviti, yaani uzito wa pombe ukilinganishwa na wa maji, nilijifunza ukubwani, katika jiko la nyumba ya kupanga, tukibahatisha na huyu mwenzangu wikendi. Mlima Kenya nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, zile asubuhi chache ambazo anga la Nairobi huwa safi. Kupanda kuelekea kwenyewe, hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Makanga alitaka taulo liende kwenye buti. Nikakataa. Mama aliyeketi kando yangu akauliza kama ni dawa, nikamfungulia akaona: kichelezo cha kioo, kitako kizito, shingo nyembamba yenye karatasi ya vipimo ndani. Kwenye maji matupu yenye joto la nyuzi 20 kinazama mpaka mstari wa 1.000. Ukitia sukari, maji yanakuwa mazito na kioo kinainuka. Sukari ikigeuka kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, kioo kinashuka tena. Si kifaa kipya. Mnamo mwaka 400 hivi, Synesius alimwandikia Hypatia wa Alexandria amtengenezee kinachofanana nacho, na al-Khazini alikieleza mwaka 1121 katika Kitab Mizan al-Hikma. Mama alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wa kemia aliyewahi kuniuliza: je, kinaweza kukwambia pombe yenye sumu?

Tulikuwa Mwea, mashamba ya mpunga pande zote mbili za barabara, akina mama wa Wang'uru wakipima mchele wa pishori kando ya lami. Swali lake halikutoka hewani. Kangai haiko mbali na pale, na Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa huko baada ya kunywa pombe haramu. Kabla ya hapo, Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ilinibidi nimwambie ukweli. Haidromita haiwezi. Kileo cha kawaida kina uzito wa 0.789 ukilinganisha na maji, methanoli 0.792, kwa kioo hiki hao ni mapacha. Asali iliyochachuka nyumbani haikuzalishii methanoli ya kuua, methanoli ile hutoka viwandani na hutiwa na mtu anayetaka faida ya haraka. Lakini aliyeshika glasi baa, usiku, hana kipimo chochote mkononi. Mama akatikisa kichwa, akasema basi hicho chombo chako ni cha watu wanaoaminiana. Sikuwa na la kuongeza.

Baada ya Mwea hewa ilianza kubadilika, na tulipovuka Rupingazi kuingia mjini nilifunga zipu ya jaketi. Julai ya huku si mchezo. Ukungu unakaa mpaka saa nne, na mtu wa pwani anagundua kwamba soksi alizobeba zote ni za kupamba mguu.

Mwenzangu alinipokea Runyenjes akiwa na boda boda mbili. Nyumbani kwao ni mteremko wa kahawa na migomba, chai ikianza juu zaidi. Ukisimama nyuma ya zizi unaona chini, mbali, nchi kavu ya Mbeere, ambako ile asali ilitoka. Huko mizinga ni magogo yaliyotobolewa na kutundikwa mitini, na asali huuzwa kwa ndoo, masega na yote. Niliposikia hilo neno la mwisho nilipata nusu ya jibu kabla sijanawa mikono.

Shosho, bibi yake mwenzangu, ndiye aliyekuwa mwenye pipa. Hilo lilinishangaza kidogo, maana mambo yote niliyosoma yalisema pombe ya asali katika nchi hizi ilikuwa mali ya wazee wa kiume. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi haki ya kunywa ilivyokuwa sehemu ya mamlaka ya wazee. Guka, babu yake, alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, na kila uamuzi ulitangazwa na yeye. Ila kabla ya kutangaza alikuwa anamtazama Shosho.

“Chifu amearifiwa,” Guka aliniambia kabla hata sijauliza, akidhani labda mgeni kutoka Nairobi ana wasiwasi. Ni jambo la busara. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu huiita sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kuweka mambo ya leseni, na leseni zenyewe sasa ni kazi ya kaunti. Lakini kijijini, pombe ya mahari isiyouzwa bado inapita kwa mdomo wa chifu, na hakuna anayependa kuona pipa likimwagwa wiki ya mahari.

Pipa lilikuwa la plastiki, la buluu, limewekwa jikoni karibu na mafiga. Matunda ya muratina, yanayobeba hamira, yalikuwa hayajatiwa, kwa kuwa Shosho alitaka kwanza mgeni aone “vile kioo kinatusumbua.”

Nilianza na chombo chenyewe. Ile karatasi ndani ya shingo huwa imegandishwa kwa tone la gundi, na gundi ikiachia, karatasi inateleza na kila kipimo kinachofuata ni hadithi. Tukapasha maji ya mfereji kidogo, tukayaleta nyuzi 20, tukatumbukiza haidromita yake na yangu kwa zamu. Zote mbili 1.000. Maji ya mlima hayana chumvi ya kukuchanganya. Basi kioo hakikuwa kimesema uongo.

“Ulipima saa ngapi?” nilimuuliza mwenzangu.

“Papo hapo, nikishamaliza kuchanganya.”

“Na maji yalikuwa moto?”

Shosho ndiye aliyejibu. Asali ya masega haiyeyuki kwenye maji baridi, kwa hiyo walikuwa wametumia maji ya uvuguvugu mzuri, ya kuweza kumwogesha mtoto. Nikakadiria nyuzi 40. Kwenye nyuzi 40 maji yenyewe yamevimba na kuwa mepesi, na haidromita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20 inasoma chini kwa pointi sita hivi. Nikachota juu ya pipa, sasa likiwa limepoa mpaka nyuzi 22: 1.048. Zile sita zilirudi zenyewe mbele ya macho ya watu, na Guka akasema “haya” kwa mara ya kwanza.

Zilizobaki zilikuwa chini. Nilishusha mpira mwembamba wa maji mpaka kwenye kitako cha pipa, nikavuta kidogo, nikajaza chupa ya kupimia. Kioo kiliruka juu: 1.090. Asali ni nzito kuliko maji kwa asilimia 40 hivi, na ukiimimina ndani ya pipa refu kisha ukaikoroga juu juu kwa mwiko wa ugali, inatelemka, inatandaza kitanda chini na kulala. Aliyechota juu alikuwa anapima maji yaliyoonjeshwa asali. Mwenzangu alitafuta mti wa kahawa uliokatwa, ulionyooka, akakoroga mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Tukaacha kidogo, tukachota juu, tukachota chini. Zote mbili 1.060.

Pale ndipo mwenzangu alipotaka kunyanyua mfuko wa sukari. Bado kuna pointi 13, alisema, kilo moja na robo tu ya sukari itaziba. Kihesabu hakukosea sana. Shosho aliondoa mfuko mezani bila neno, akaenda kuuweka chumbani kwake.

Nikaenda kutazama ndoo ambayo asali ilikuja nayo. Waliipima kwa mizani ikiwa na masega, halafu wakachuja. Kwenye kichujio kulikuwa na donge la nta la kukutana viganja viwili, chavua ya rangi ya haradali, na vipande vya masega meusi ya zamani ambayo bado yalikuwa yanata. Kwa hiyo kilo 10 za ndoo hazikuwa kilo 10 za asali. Ukirudisha hesabu nyuma kutoka 1.060, unapata asali ya kilo nane na kidogo, na hiyo inalingana kabisa na kile nilichokiona kwenye kichujio. Hesabu yetu ya Nairobi ilikuwa ya asali ya supamaketi, iliyochujwa na kufungwa kwenye chupa. Hakuna kilichopotea. Mwenzangu alitazama nta muda mrefu, na mimi nilimwelewa, kwa sababu alikuwa amelipia kilo 10.

Kuhusu muratina nilikuwa nimesoma, lakini kusoma ni kitu kingine. Shosho aliyatoa juu ya dari ya jiko, mahali moshi unapopita, yakiwa yamefungwa kwenye gunia. Ni matunda ya ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia kwa kamba, mwegea kwa Kiswahili, muratina kwa watu wa huku. Tunda bichi ni zito, gumu na halifai kuliwa. Lakini haya yalikuwa yamepasuliwa kwa urefu, yakatolewa mbegu, yakachemshwa, yakakaushwa, yakalowekwa kwenye pombe, yakaoshwa, yakakaushwa tena, sherehe baada ya sherehe. Kilichobaki ni nyuzinyuzi tupu, nyepesi, za kahawia iliyokolea, zenye harufu ya mkate na moshi. Nililibonyeza moja likabonyea na kurudi. Katika nyuzi hizo ndimo hamira inamokaa, kizazi baada ya kizazi, na familia yenye matunda mazuri huyatunza vilivyo. Niliuliza yana umri gani. Shosho alisema mengine aliyakuta alipoolewa. Sikuweza kujua kama ananitania.

Yaliingia ndani ya pipa usiku, na asubuhi tukategemea vishindo. Wapi. Povu jembamba pembeni, basi. Tulipima siku ile, tukapima kesho yake, kioo kikashuka mpaka 1.057 na kukwama hapo, na kipimajoto ndicho kilichotoa siri: nyuzi 17. Moto wa jikoni ulikuwa ukizimwa usiku, na baridi ya Julai ilikuwa inaingia kupitia mbao. Hamira ya muratina imezoea ujoto, na juu ya hayo, maji ya asali ni chakula kibovu kwake. Sukari ni tele lakini yale mengine ambayo hamira inayahitaji kujenga mwili ni haba, tofauti na kimea cha shayiri. Nusura ilikuwa ni ile takataka. Shosho alikuwa amerudisha kiasi cha chavua ndani ya pipa, “kwa sababu ndivyo inavyofanywa,” na chavua ndiyo yenye protini. Mimi ningeitupa. Walilizungushia pipa blanketi mbili na gunia, moto ukaachwa ukifuka usiku kucha, na kesho yake jioni ulikuwa unasikia pipa likinong'ona ukiwa uani.

Kuanzia hapo Shosho hakuwa na haja na mimi. Alikuwa anaweka sikio kwenye pipa, ananusa, anaonja kwa kata ndogo ya kibuyu, anatema. Mimi nachota, nasubiri, nasoma. Aliniambia 1.041 kabla yangu, si kwa namba, bali kwa kusema “imefika katikati ya njia, bado ni ya watoto.” Niliona aibu ya namna fulani kwa kufurahi kwamba kioo kinakubaliana naye.

Jioni hiyo Guka alitaka kujua namba itaishia wapi. Nikamweleza kwamba tukiiacha mpaka sukari iishe, itashuka chini ya 1.000, labda 0.998, na hapo itakuwa na kileo cha asilimia nane hivi. Akacheka. Iwe nyepesi kuliko maji? Vijana wa huku wakiona hivyo watasema kioo kimevunjika. Kweli wengi husema hivyo, na hurudisha haidromita dukani. Lakini karibu sukari yote ya asali inalika na hamira, haibakishi makapi kama kimea, na kileo kinachokaa mahali pa sukari kinaivuta namba chini ya maji. Guka akaniuliza swali lake la pili: na nani atainywa ikiwa hivyo? Pombe ya mahari hainywewi ikiwa imemaliza. Inanywewa ikiwa bado inatembea, ina utamu wa kumkaribisha mzee na ukali wa kumkalisha. Siku ndiyo inayoamua. Siku ya mahari imepangwa na wazee wa pande mbili, kwa hiyo pombe hupigiwa hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Hapo nikaona kwamba tangu Nairobi tulikuwa tumeuliza swali la watu wenye chupa. Wanaofunga vizibo ndio wanaohitaji namba ya mwisho, namba iliyokaa kimya siku mbili tatu, maana sukari ikibaki ndani ya chupa iliyofungwa, chupa inapasuka. Pipa la Shosho halifungwi. Namba yoyote kati ya 1.025 na 1.015 ingemfaa, mradi iangukie Jumamosi ya mahari.

Asubuhi ya kuondoka kioo kilisoma 1.020. Matunda yalitolewa, yakaoshwa, yakaanikwa juu ya bati. Pipa lilipanda pikapu likiwa limefunikwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba, si kifuniko chake cha kukaza. Hewa inayotoka humo ikizuiwa kwenye barabara ile, tungefika Nkubu na kifuniko mkononi. Shosho alikaa mbele na dereva. Sisi tulikaa nyuma tumelikumbatia.

Barabara hii ya Embu kwenda Meru inashuka na kupanda kila mto unaotoka mlimani: Thuci, halafu Chuka mjini, halafu lile bonde la Nithi ambalo kila Mkenya amelisikia kwenye habari za ajali. Dereva alishusha gia, akazima redio. Hakuna aliyeongea mpaka tukavuka daraja na kuanza kupanda upande wa pili. Kisha Chogoria, migomba, chai, watoto wa shule wenye masweta ya kijani, na kwa ghafla mlima ukajitokeza kushoto, vilele vyeupe, mita 5,199, ukakaa dakika chache na kujifunika tena. Mtu wa pwani alisimama kwenye pikapu kuutazama. Aliambiwa akae.

Nkubu walitupokea kwa nyimbo, na shemeji mtarajiwa, kaka wa bibi harusi, akatusaidia kushusha. Mwenzangu hakuweza kujizuia. Kabla ya chai alishachota na kupima. 1.027. Akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Namba haiwezi kupanda njiani isipokuwa mtu ametia sukari, na sisi ndio tulikuwa tumelikumbatia pipa.

Nilimwonyesha kioo kwa karibu. Shingo yake, chini ya uso wa pombe, ilikuwa imevaa viputo vidogo sana, mamia, vimeng'ang'ania kioo na kukinyanyua. Saa tatu za mashimo na matuta zilikuwa zimelitikisa pipa zima. Tukamimina sampuli kutoka kikombe kwenda kikombe mpaka ikaacha kutoa povu, tukaiacha itulie, tukakizungusha kioo kwa vidole kama pia ili kivue viputo vyake, tukasoma kwenye uso wa chini wa maji na si pale yanapopanda ukingoni. 1.019. Shemeji, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akasema taratibu: “Nyinyi watu, njooni mnisaidie kitu.”

Yeye anafanya kazi kwenye shamba la maua na mboga upande wa Timau, kule juu ambako pia ngano na shayiri hulimwa, na alikuwa amejifunza mwenyewe kutengeneza bia. Shayiri aliiotesha kwenye magunia, akaikausha, akaisaga kwenye kinu cha posho. Katika chumba chake nyuma ya nyumba kulikuwa na ndoo ya lita 20 iliyokwama, alivyodai, wiki nzima. Ilianza vizuri, Briksi 12.4 kwa kipimo cha sukari, ambayo ni 1.050. Sasa inasoma Briksi 6, yaani 1.024, na haitikisiki. Ameongeza hamira. Ameisogeza karibu na jiko. Ametia hamira ya mikate pia, jambo alilolisema kwa sauti ya chini.

“Unapima na nini?”

Akatoa refraktomita mfukoni, ile darubini fupi wanayotumia shambani kupima utamu wa matunda: tone moja kwenye kioo, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma. Kifaa kizuri. Kwa maji ya kimea kabla ya hamira ni kizuri kuliko changu. Lakini kinapima jinsi mwanga unavyopinda, si uzito, na kileo nacho hupinda mwanga. Mara tu hamira inapoanza kazi, refraktomita inahesabu kileo kana kwamba ni sukari. Kuna hesabu ya kurekebisha, na ukiijua ile namba ya mwanzo unaweza kuipata: 12.4 ya mwanzo na 6 ya sasa inakupa karibu 1.011. Tulichota, tukatikisa hewa yote itoke, tukatumbukiza haidromita. 1.011. Bia yake ilikuwa imemaliza siku nyingi, asilimia tano ya kileo, imekaa pale ikisubiri mtu aache kuisumbua.

Alitaka kuhakikisha na kipimajoto chake pia, kwa vile alikuwa amekitupilia mbali akiamini kimeharibika: kwenye maji yanayochemka kilikuwa kinasoma 95. Nilimwambia akiokote. Kwa kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kipimajoto kinachosoma 100 hapa Nkubu ndicho cha kutupa.

Kulikuwa bado na mchana, kwa hiyo akanichukua na pikipiki yake mpaka Meru mjini kununua vizibo. Kati ya Nkubu na Meru unavuka ikweta. Kuna kibao kando ya barabara, na mgeni husimamishwa apigwe picha. Pale akaniuliza jambo ambalo lilikuwa likimkera tangu sekondari. Mvuto wa dunia ni mdogo kwenye ikweta kuliko kwenye ncha, 9.78 dhidi ya 9.83, na juu ya milima unapungua zaidi. Je, graviti zetu za bia hazipaswi kurekebishwa kwa sababu ya hilo? Swali zuri, na jibu lake linapendeza: hapana. Kioo kinapungua uzito, na pombe inayokinyanyua inapungua uzito kwa kiwango kilekile, kwa hiyo kinaelea kwenye mstari uleule Mombasa, Meru na kileleni Batian, juu ya Mlima Kenya. Alikaa kidogo juu ya pikipiki akilipima. Kisha akaniomba nimpige picha na kibao.

Jumamosi wazee wa Nkubu walikaa upande mmoja wa hema, wetu upande mwingine. Asali ina nafasi yake ya lazima katika mahari ya Wameru, na kabla ya mazungumzo ya mbuzi na ng'ombe kuanza, pombe iliitwa ije ionekane. Mzee mmoja wao, mwenye kofia ya manyoya na fimbo, alionja kutoka kwenye pembe, akanyamaza kwa makusudi muda wa kutosha kumtesa mwenzangu, akampasia jirani yake. Yule naye akaonja. Pembe ilizunguka. Iliporudi kwa wa kwanza ilikuwa tupu, naye akasema waendelee na mambo mengine. Asubuhi ile tulikuwa tumepima 1.016, bila kumwambia mtu.

Bia ya shemeji tuliamua aiache. Aipime tena kwa haidromita ile ya mwenzangu, ambayo sasa ilikuwa zawadi, siku mbili mfululizo, ikibaki 1.011 atie sukari kidogo iliyopimwa kwa ajili ya gesi na afunge vizibo. Lakini yeye sasa alikuwa na tamaa nyingine. Alimfuata Shosho alipokuwa anafungasha, akamuomba kwa heshima zote tunda moja la muratina, moja tu, aanze la kwake.

Shosho alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

“Muulize babako kwanza,” alisema, “anapunguza ng'ombe wangapi.”